Mashavu ya Bibi Quennell

Bath, 9 Februari 1766

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba mafua yamekuachia na kwamba ng'ombe wote watatu wameivuka theluji. Mimi huku ni mzima. Kile kikohozi cha Krismasi kimekwisha, na dirisha la chumba changu sasa linafungika, baada ya Tabitha mpishi kumgombeza fundi hadi akaona haya. Tabitha anakusalimu sana. Anasema jibini yako imefika salama, ila ilibidi aazime msumeno kwa seremala wa jirani. Usikasirike, tumeila yote. Bwana Orrell alikiloweka kipande chake ndani ya chai mpaka kikakubali.

Kazi ni nyingi. Mji umejaa wageni waliokuja kunywa yale maji ya moto yanayonuka kama yai lililooza, na mtu akishayanywa asubuhi hana la kufanya hadi jioni, basi anakuja kwenye chumba cha kazi cha Bwana Orrell kuchorwa. Mpango wetu ni uleule. Bwana Orrell anachora uso, mimi nachora chochote kilicho chini ya kidevu. Wenyewe wakienda zao huacha nguo, namvisha yule mwanamke wetu wa mbao, tunakaa naye siku nzima. Hapigi chafya, hasemi amechoka, hanitumi chai. Juma hili amekuwa mjane mwenye hariri ya kijani, kisha akawa jenerali mwenye vifungo thelathini na viwili. Nilivihesabu kwa sababu nilivichora kimoja kimoja. Lesi ya yule mjane imenichukua siku nne, na ukiikaribia unaona ni madoa meupe tu, lakini ukirudi nyuma hatua tatu unataka kuifua.

Ahadi yangu naikumbuka, huna haja ya kunikumbusha. Nguo tu.

Mpwa wako akupendaye,
Lettice


Laxfield, 2 Machi 1766

Mwanangu Lettice,

Marahaba. Barua yako imenikuta nina afya, ila goti la kulia linajua habari za mvua kabla ya mbingu. Ng'ombe wetu Primrose amezaa dume zuri lenye doa jeupe kwenye paji la uso. Mlango wa chumba cha maziwa ulikuwa umeanguka kwenye bawaba, lakini Bwana Ablett, yule fundi magurudumu wa njia ya kanisani, alipita akautengeneza. Kasisi amepata wigi jipya na hotuba zilezile.

Kuhusu jibini yangu, mwambie Tabitha kwamba watu wa Suffolk wameila miaka mia tano na bado wana meno.

Nafurahi umeitaja ahadi mwenyewe. Najua unaniona mgumu. Lakini wewe ulikuwa na miaka tisa tu, hukuona niliyoyaona mimi. Kaka yangu Barnaby alikuwa na mkono mwepesi kuliko mchoraji yeyote wa upande huu, na ulimfikisha wapi? Alizunguka na sanduku la rangi mgongoni akichora nyuso za wenye mashamba na wake zao, huyu pua amfupishie, yule kidevu amrefushie, mpaka akafia kwenye chumba cha juu cha nyumba ya wageni kule Bungay, mimi sina habari. Nyuso ndizo zilizomuua baba yako. Hakuna mtu anayeridhika na uso wake, na lawama humwangukia aliyemwonyesha. Gauni halimnunii mtu.

Kwa hiyo kaa na nguo zako. Siku ukichoka na Bath, nyumba hii ipo. Chumba chako sijakigusa, hata ile kofia ya majani uliyoiacha bado imetundikwa pale pale.

Shangazi yako,
Thomasin Garrod


Bath, 20 Aprili 1766

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukawia. Nilikuwa na kazi. Natumaini goti limetulia na ndama anakua. Tabitha ameniambia nikuulize unampa nini ng'ombe wakati wa baridi. Yeye hana ng'ombe, anataka tu kujua. Bwana Orrell hajambo, ila siku hizi anachoka mapema.

Tumepata mteja ambaye sijawahi kumwona mfano wake. Ni Bibi Dorothea Quennell, mke wa mpika bia wa Bristol. Mume wake anasafiri sana kununua shayiri, na amemwandikia Bwana Orrell kwamba anataka picha ya mke wake. Akirudi aikute tayari. Sasa, huyu bibi alishikwa na ndui miaka miwili iliyopita, akapona. Makovu yake si ya kutisha watoto. Shavu la kushoto lina vishimo saba karibu na sikio, kama mvua iliyoanza kunyesha juu ya mchanga kisha ikaghairi. La kulia limepata zaidi, na pale ngozi imekuwa nyekundu kidogo, si nyekundu ya afya wala ya aibu, ni rangi nyingine ambayo ukiitafuta lazima utie kijani kidogo. Akitabasamu, vile vishimo vya kushoto hujikunja pamoja na ngozi, na uso mzima unapata kitu ambacho wasichana wa Bath wenye ngozi ya maziwa hawana. Akinyamaza, vinarudi mahali pake. Macho yake ni ya kahawia, jicho moja lina chembe ya manjano.

Bwana Orrell kama kawaida yake anataka kuyafuta makovu yote amrudishe kwenye ngozi ya arusi. Alimweleza hivyo kwa adabu. Bibi Quennell aligeuza kiti chake kidogo, mwanga wa dirisha ukawa nyuma yake.

Nitakuandikia tena nikipata nafasi.

Mpwa wako,
Lettice


Laxfield, 11 Mei 1766

Mwanangu,

Marahaba, nami sijambo. Goti limenyamaza tangu jua lianze. Ng'ombe nawapa nyasi kavu na mizizi ya tanipu, mwambie Tabitha, na kama anataka mmoja aje amchukue. Binti wa msaga unga ameolewa na baharia, mama yake analia kila Jumapili kwa zamu, safari moja kwa furaha, safari moja kwa huzuni ya kweli. Bwana Ablett alipita akarekebisha gurudumu la mkokoteni, na ndoo ya kisimani, na benchi la nje ambalo mimi nilidhani ni zima.

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikaitoa ile ya Februari nikazisoma pamoja. Katika ya Februari niliona hariri ya kijani, lesi ya siku nne na vifungo thelathini na viwili. Katika hii nimeona mashavu mawili, macho na tabasamu, hata rangi ya kuchanganya. Siioni nguo.

Bibi huyo alikuwa amevaa nini?

Shangazi yako


Bath, 1 Juni 1766

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sote tu wazima. Hali ya hewa ni nzuri sana.

Alivaa gauni la kijivu.

Tabitha anasema asante kwa habari za tanipu. Benchi lilivunjika vipi?

Lettice


Laxfield, 22 Juni 1766

Lettice,

Kijivu.

Nimekulea mimi. Ulipovunja bakuli kubwa la maziwa ukiwa na miaka kumi, ulikuja jikoni mikono nyuma ukaniambia hali ya hewa ni nzuri sana. Sikukupiga siku ile na sitakupiga leo, maana kutoka hapa hadi Bath mkono wangu haufiki.

Unachora nyuso?

Usinijibu haraka. Nijibu kweli. Chukua karatasi mbili kama moja haitoshi.

Nyasi zimekatwa mapema mwaka huu na hazikunyeshewa. Benchi lilivunjika kama mabenchi yanavyovunjika.

Shangazi yako


Bath, 20 Julai 1766

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini nyasi zimeingia ghalani na wewe ni mzima. Huku tu wazima. Nimechukua karatasi tatu.

Ndiyo. Nachora nyuso.

Ilianza vuli iliyopita. Mkono wa Bwana Orrell umeanza kutetemeka. Kwanza aliniomba nimalizie sikio, akasema mwanga umemkimbia. Baadaye akaniomba paji la uso. Kufikia Krismasi nilikuwa nafanya nusu ya kila uso, naye anakaa kando na kuongea na mteja habari za hali ya hewa na mfalme, na mteja anaamini kwamba mimi natayarisha tu turubai. Hukuniuliza, sikusema. Nilijizoeza kwa Tabitha akiambua njegere jikoni. Nimemchora mara sita. Yeye anasema pua yake haijawahi kuwa kubwa hivyo, lakini ile ya nne ameitundika juu ya mapipa ya chumvi na kila mwuza samaki akija anaoneshwa.

Sasa nikueleze ya Bibi Quennell, kisha unihukumu.

Bwana Orrell alimfanyia kazi siku mbili kwa mkono wake mwenyewe, kwa shida, ngozi laini kama sahani. Siku ya tatu alichoka, akakaa kwenye kiti cha mkono, akalala. Mimi nikashika brashi ili nitie rangi ya shingo. Bibi Quennell akamtazama, akanitazama.

"Huyo aliyelala ndiye anayenichora, au ni wewe?"

"Mimi nachora nguo, bibi."

"Basi mbona unanitazama usoni?"

Akainuka, akaja upande wangu wa turubai, jambo ambalo wateja hawaruhusiwi, akasimama pale akiitazama picha.

"Mrembo," akasema. "Anafanana na mimi kama mdogo wangu, ila sina mdogo. Nimekaa siku tatu kwenye kiti hiki kigumu ili achorwe mtu mwingine."

Nikamwambia kwamba ndivyo nyumba yetu inavyofanya kwa kila mtu, na waume hupendezwa.

"Mume wangu hajasema neno hata moja juu ya uso wangu tangu nilipotoka kitandani," akasema. "Zamani alikuwa mtu wa maneno. Sasa tunaongea habari za shayiri. Sijui anaponitazama anamwona nani."

"Na nikikuchora ulivyo, akachukia?"

"Basi nitakuwa nimejua," akasema, akarudi kitini. Safari hii alikigeuza kiti mwenyewe, mwanga wote ukampiga mbele.

Shangazi, nilikwangua ule uso laini nikaanza upya. Nilikuwa na woga, usidhani sikuwa nao. Lakini baada ya muda nikasahau kuogopa. Alikuja mara nne zaidi, na kila bibi huyu akija Bwana Orrell alilala, mpaka leo sijui kama alilala kweli. Siku ya mwisho aliamka, akaja akasimama nyuma yangu.

"Ukimpa mume wake hii," akasema, "Bath nzima itasema Orrell amekuwa kipofu."

Nikampa brashi. Nikamwambia afute, picha ni yake na jina ni lake. Akaishika, akaiinua hadi kwenye shavu la picha, mkono ukatetemeka pale mbele yetu sote wawili. Akaiweka chini polepole. "Sitaiharibu," akasema. "Tutasimama pamoja, tukifukuzwa tufukuzwe pamoja."

Bwana Quennell alifika Jumanne ya tarehe nane, mtu mnene mwenye matope ya barabara hadi magotini. Mke wake alikaa mbali, karibu na mlango, kofia imeshuka machoni. Tukaivua picha kitambaa chake. Yule bwana akaisogelea, nikasikia Tabitha akiacha kugonga sufuria kule jikoni, na najua alikuwa amesimama nyuma ya mlango.

"Nani amechora hii?"

"Imetoka katika nyumba yangu," akasema Bwana Orrell, "na lawama ni yangu."

Nikaona haiwezekani mzee yule abebe peke yake. Nikasema, "Ni mimi, bwana."

Akanigeukia. "Lawama ya nini?"

Akamrudia mzee.

"Bwana Orrell, barua yangu unayo? Nilikuandikia nini?"

Bwana Orrell akaitafuta mezani, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa fupi. Ilisema anataka picha ya mke wake ya kuning'iniza ofisini, kwa kuwa yuko mbali naye siku nyingi kuliko anavyopenda.

"Basi," akasema. "Mke wangu ni huyu. Mlidhani nimeagiza nani?"

Ndipo Bibi Quennell akasema kutoka kule mlangoni, kwa sauti ndogo, "Hujawahi kusema kitu, Ambrose. Miaka miwili."

"Ningesema nini? Uliacha kukaa dirishani. Nikiingia chumbani unahamia gizani. Nilidhani hutaki nikutazame, nikajizuia."

Bibi Quennell alicheka, shangazi, au alilia, sikuweza kupambanua. Akavua ile kofia. Akaenda akakaa kwenye kiti cha wateja pale dirishani, na mume wake akaburuta kiti cha Bwana Orrell akakaa kando yake, magoti kwa magoti, na matope yake yote juu ya zulia. Tabitha akaleta chai bila kuitwa. Sisi wawili tukatoka tukawaachia chumba.

Kabla ya kuondoka yule bwana alisema picha isiyo na jina la mchoraji haitaki. Bwana Orrell akanipa brashi nyembamba. Niliandika L. Garrod pale chini pembeni.

Tangu hapo wateja wawili wametukimbia, mmoja ni jaji aliyesema hawezi kuchorwa na msichana anayesema kweli. Watatu wapya wamekuja. Bwana Orrell anataka kibao cha mlangoni kiandikwe majina mawili. Analala vizuri usiku, anasema, kwa hiyo mchana yuko macho.

Nimevunja ahadi niliyokupa. Nikisema najuta nitakuwa naongeza uongo juu ya kosa, kwa hiyo sisemi. Najua uliniapisha kwa kunipenda. Niandikie lolote, hata kama ni la kunikemea.

Mpwa wako,
Lettice


Bath, 31 Agosti 1766

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Wiki sita, na sina hata mstari. Mtu wa posta akiniona sasa anatikisa kichwa kabla sijafika mlangoni. Kama umekasirika, nimekubali, lakini kasirika kwa maandishi nijue uko hai. Kama ni mgonjwa, mwambie mtu yeyote aniandikie.

Nimekaa nikazisoma barua zako kama wewe ulivyozisoma zangu. Mwezi wa tatu, mlango wa chumba cha maziwa. Mwezi wa tano, gurudumu, ndoo na benchi. Nilipouliza habari za benchi uliniambia lilivunjika kama mabenchi yanavyovunjika. Shangazi, niliondoka nyumba ile ikiwa nzima. Kwa mwendo huu Bwana Ablett hana tena kitu cha kutengeneza humo isipokuwa aanze kuvunja.

Kama kuna jambo unaona huwezi kuniambia, mimi ni mtu mzima wa miaka ishirini na minne, na nina nia njema juu ya magurudumu.

Tabitha amesoma mstari huo begani kwangu na anasema na yeye pia.

Lettice wako


Laxfield, 21 Septemba 1766

Mwanangu Lettice,

Marahaba, marahaba. Niko hai, ni mzima, na sikukasirika. Nilianza barua nne nikazitia motoni zote. Hii ni ya tano na karatasi zimekaribia kuniishia, kwa hiyo itakwenda jinsi itakavyotoka.

Leo kanisani kasisi ametangaza mara ya tatu na ya mwisho kwamba Simeon Ablett, mgane, na Thomasin Garrod, asiyeolewa, wa parokia hii, wanakusudia kufunga ndoa, na mwenye kizuizi aseme. Nilishika ukingo wa kiti. Hakuna aliyesema kitu, ila mke wa msaga unga alianza kulia, na hakuwa amealikwa. Ndoa ni Jumatano tarehe nane Oktoba. Nina miaka hamsini na mmoja. Cheka, umeruhusiwa.

Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nimekuahidi nyumba ya kurudia. Nilidhani ukisikia kuna mwanamume anakaa kwenye kiti cha kando ya moto, utaona mlango umefungwa. Ulipoleta zile karatasi tatu nikaona aibu. Wewe ulikuwa umeeleza yako yote, na mimi nimekaa juu ya yangu kama kuku.

Sasa nikuambie lingine, na hili ndilo lililochoma barua nne. Nilikuambia nyuso zilimuua baba yako. Si kweli. Barnaby alikufa kwa homa ya siku tano, ile iliyochukua watu kumi na mmoja Bungay mwaka ule, wengine hawakuwahi kushika brashi. Mwenye nyumba ya wageni aliniambia kwamba hadi siku aliyolala alikuwa anachora na kuimba, na kwamba alikuwa anamchora yeye na mke wake pamoja, wanafurahi. Sikumwona mtu mwenye raha na kazi yake kama kaka yangu. Wewe ulikuwa na mkono wake; niliuona ukiwa na miaka sita, ulipochora jogoo kwa mkaa kwenye ukuta wangu uliopakwa chokaa. Nikajua mkono huo utakuchukua uende mbali, na mimi nitabaki. Kwa hiyo nikautafutia kazi ndogo. Nguo. Nikaliita jambo hilo busara. Lilikuwa woga wangu, nikakuvisha wewe.

Ahadi ile nakurudishia. Haikuwa na haki ya kuombwa.

Uliwahi kuniuliza kama kuna picha yoyote ya baba yako iliyobaki, nikasema hakuna. Ipo moja. Ilikuwa imefungwa kwenye shuka chini ya kitanda changu miaka yote uliyokaa humu. Alinichora nikiwa na miaka ishirini, nimekaa kwenye kigoda nikikamua, nimegeuka kumtazama nikicheka, na jino langu la mbele limevunjika kama lilivyokuwa, na mikono myekundu kwa baridi. Alipomaliza nilimlilia kwa nini hakulitengeneza lile jino. Akaniambia, "Tom, ningelitengeneza ungekuwa umefumba mdomo." Nikaificha. Tangu alipokufa sikuweza kuitazama.

Alhamisi niliitoa nikamwonyesha Bwana Ablett. Nilitaka ajue anaoa nyumba yenye nini. Alisimama nayo mlangoni kwenye mwanga, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, akiigeuza huku na huku. Nikamwuliza kama imeharibika. Akasema haikuharibika. Akasema huyu ndiye msichana aliyekuwa anakaa viti viwili mbele yake kanisani mwaka ule, akageuka mara moja akacheka hivyo hivyo kwa sababu kasisi alipiga chafya, na yeye akaenda nyumbani akijipanga aje aongee, na hakuja. Baadaye akaoa kwingine, na alikuwa mume mwema, mimi nilimjua mke wake. Kisha akachukua nyundo akaenda jikoni kuitundika. Msumari mmoja tu. Ni kitu cha kwanza alichofanya katika nyumba hii ambacho kilihitaji kufanywa.

Njoo uione. Ilete na ile ya Tabitha ya njegere, kama atakubali kuachana nayo, nizione kazi za baba na mwana ukuta mmoja. Mwombe Bwana Orrell siku kumi, na kama anajiweza aje naye. Jibini ipo, na chai ya kuiloweka. Andika majina mawili kwenye kibao cha mlangoni. Chora nyuso.

Gari la London hufika Ipswich Jumatatu tarehe sita kabla ya saa sita mchana. Nitakuja na mkokoteni. Ukishuka usitafute mtu mmoja kama zamani, utatupita. Tafuta wawili.

Shangazi yako,
Thomasin, Garrod kwa siku kumi na saba zaidi